Mwongozo kamili: Jinsi ya kukokotoa fahirisi yako na kupangwa kundi sahihi la kuanzia kwenye mbio za baiskeli

Kila mwaka mwezi wa pili unapokaribia kwisha, napokea maswali yaleyale kutoka kwa waendesha baiskeli wanaojiandaa kwenda Cape Town Cycle Tour. "Nimefanya mazoezi mwaka mzima, mbona wameniweka kundi la nyuma?" "Spidi yangu ya wastani ni kilomita 33 kwa saa, mwenzangu ana 30, mbona yeye yuko mbele yangu?" Na wapo waliotuma matokeo yao wakajibiwa kwamba hayafai.

Wengi wao si wavivu wala dhaifu. Wanakwama kwa sababu hawajaelewa jinsi ugumu wa mbio unavyopimwa na jinsi unavyogeuzwa kuwa nafasi ya kuanzia kupitia fahirisi, yaani namba inayoonyesha muda wako uko nyuma ya wa mshindi kwa kiasi gani. Shika kalamu, twende hatua kwa hatua.

## Kwa nini kundi la kuanzia lina uzito

Mbio za Cape Town zina kilomita 109 na hukusanya makumi ya maelfu ya watu siku moja. Haiwezekani wote waondoke pamoja. Wanagawanywa makundi: wenye kasi huondoka alfajiri, na wa mwisho hutoka jua likishapanda.

Kule kuna upepo wa kusini-mashariki. Njia inashuka kusini kupitia Muizenberg, Fish Hoek na Simon's Town, na kipande hicho chote upepo ukivuma unakupiga usoni. Mara nyingi unazidi kadiri siku inavyosonga. Kwa hiyo anayeondoka mapema anapata upepo mpole na kundi lenye nidhamu la kujificha ndani yake. Anayeondoka saa tatu baadaye anapata upepo mkali na watu waliotawanyika. Ukikaa vizuri nyuma ya gurudumu la mwenzako unaokoa karibu robo ya nguvu zako, wakati mwingine zaidi. Kwenye kilomita 109, hiyo ni tofauti ya kufika Suikerbossie, mlima wa mwisho baada ya Hout Bay, ukiwa bado na miguu, au kuufikia ukiwa umekwisha.

Kuna na usalama. Mtu mwepesi akiwekwa nyuma atapita watu mia kwenye barabara nyembamba. Mtu mzito wa mwendo akiwekwa mbele atapitwa na watu mia. Wote wawili wako hatarini, na wanahatarisha wengine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha kamili ya matokeo ya mbio uliyokimbia, yenye muda wa kila aliyemaliza. Muda wako peke yake hausaidii.
- Muda wa mshindi wa njia ileile uliyokimbia. Kama kulikuwa na njia ndefu na fupi, usichanganye.
- Saa ambayo kila kundi liliondoka.
- Fahirisi za watu watano au zaidi waliokuwa kwenye mbio hizo na ambao tayari wanajulikana uwezo wao.
- Ramani ya njia yenye mita za kupanda. Strava (programu ya simu ya kurekodi safari za baiskeli) au kompyuta ya baiskeli itakupa.
- Excel, au daftari la mistari na kikokotoo cha simu.
- Jina lako lilivyoandikwa kwenye kitambulisho au pasipoti.

Hicho cha mwisho kinaonekana kidogo, lakini ndicho kinachopoteza matokeo ya watu wengi. Umejiandikisha mbio moja kwa jina la utani, nyingine kwa majina matatu, nyingine umetumia namba ya rafiki aliyeumwa. Mfumo hauwezi kujua kwamba hao ni mtu mmoja.

## Hatua ya 1: Jua ni mfumo gani unaokupima

Kuna mifumo mikubwa miwili, na watu huichanganya.

Wa kwanza ni wa madaraja. Uingereza, kwa mfano, mwendesha baiskeli mpya huanzia daraja la nne. Akikusanya pointi 12 anapanda la tatu, pointi 40 zinampeleka la pili, na 200 ndani ya msimu zinampeleka la kwanza. Pointi hupatikana kwa nafasi uliyomaliza. Kama umemaliza sekunde moja nyuma ya mshindi lakini wako thelathini mbele yako, kwenye mbio nyingi hupati kitu.

Wa pili ni wa fahirisi, na ndio unaotumika Afrika Kusini. Wenyewe wanaita sidingi, kutoka neno la Kiingereza "seeding". Hapa nafasi haina maana kubwa. Kinachotazamwa ni muda wako ukilinganishwa na wa mshindi, kisha unarekebishwa kulingana na ugumu wa mbio. Fahirisi ndogo ni bora. Nairudia kwa sababu nimeona mtu akishangilia kupanda kutoka 28 hadi 35.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kujibu swali moja: mbio ninazolenga zinatazama nafasi yangu au muda wangu? Mwongozo huu kuanzia hapa ni wa muda.

## Hatua ya 2: Pata muda wako halisi

Kwenye matokeo kuna muda wa aina mbili. Upo unaohesabiwa tangu kundi la kwanza lilipoondoka, na upo unaohesabiwa tangu chipu yako (kile kifaa kidogo cha kupimia muda) ilipovuka mstari wa kuanzia. Tumia huu wa pili.

Chukua mfano. Mshindi ametumia saa 2:40:00. Wewe umetumia saa 3:04:00, lakini kundi lako liliondoka dakika 20 baada ya la kwanza, kwa hiyo saa kubwa ya mwisho ilisoma 3:24:00. Ukichukua 3:24 umejiongezea dakika 20 ambazo ulikuwa umesimama ukisubiri.

Geuza kuwa sekunde. Mshindi ni 9,600. Wewe ni 11,040.

Tahadhari: faili la saa yako au la Strava si matokeo. Kompyuta nyingi za baiskeli husimamisha muda ukisimama, hivyo zile dakika za kubadilisha tyubu zinapotea kwenye hesabu. Waandaaji wanataka muda walioupima wao.

## Hatua ya 3: Tafuta fahirisi ghafi

Gawanya muda wako kwa wa mshindi, toa moja, zidisha kwa 100.

11,040 ÷ 9,600 = 1.15. Toa moja inabaki 0.15. Fahirisi ghafi yako ni 15, yaani umetumia asilimia 15 zaidi ya mshindi.

Ungechukua ule muda wa 3:24 ungepata 27.5. Kosa moja la kusoma safu isiyo yake kwenye karatasi linakurusha nyuma makundi kadhaa.

Angalia pia bei ya sekunde. Katika mbio hizi, pointi moja ya fahirisi ni sekunde 96. Pancha iliyokula dakika nane ni pointi tano. Ukilijua hilo utajifunza kubadilisha tyubu kwa dakika nne, na hayo ni mazoezi yanayolipa kuliko gurudumu la bei.

Kwa nini tunatumia asilimia na si dakika? Kwa sababu dakika 20 nyuma kwenye mbio za saa moja ni mbali sana, na kwenye mbio za saa tano ni kawaida.

## Hatua ya 4: Pima ugumu wa njia

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Wanadhani ugumu ni kilomita. Kilomita ni sehemu ndogo.

Anza na milima. Strava hupanga milima kwa hesabu nyepesi: urefu wa mlima kwa mita, mara asilimia ya mwinuko. Mlima wa kilomita 4 wenye mwinuko wa asilimia 5 ni 4,000 × 5 = 20,000. Ukizidi 8,000 ni daraja la 4, ukizidi 16,000 ni la 3, 32,000 la 2, 64,000 la 1, na kuzidi 80,000 ni ile milima mikubwa isiyopewa namba. Mwinuko chini ya asilimia 3 hauhesabiwi.

Ukitazama vizuri, hesabu hiyo ni mita za kupanda mara 100. Mlima wa 20,000 unakupandisha mita 200, basi. Daraja la 3 linaanzia mita 160.

Lakini namba hiyo haijui upepo, haijui joto, haijui lami iliyochimbika, na haijui mlima uko kilomita ya ngapi. Mlima uleule kilomita ya 15 ni salamu, kilomita ya 95 ni hukumu. Na kubwa kuliko yote, haijui kundi litafanya nini pale.

Nieleze hili kwa nililoliona mwenyewe. Ukitoka Arusha kwa barabara ya Namanga, unapanda kutoka Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu, kisha barabara inateremka kuelekea Longido, uwanda wazi, upepo wa pembeni. Siku moja nilikuwa kwenye kundi la watu kumi na wawili tukipanda pale. Nilikuwa wa mwisho. Mbele yangu gurudumu la mwenzangu lilikuwa sentimita thelathini. Nikakohoa, nikanyanyua kichwa, likawa nusu mita. Nikasema nitaliziba baada ya kona. Baada ya kona likawa mita tano, na kileleni mita thelathini tu. Ningeweza kuhesabu meno ya gia za yule wa mwisho. Kisha wakaanza kuteremka kumi na mmoja wakipokezana, mimi peke yangu. Longido walinisubiri kwa dakika kumi na moja.

Mita thelathini za mlimani zimekuwa dakika kumi na moja za tambarare. Ndiyo maana njia yenye mlima huwatawanya watu kuliko mlima wenyewe unavyostahili, na njia tambarare huwabana watu wa uwezo tofauti wakamaliza pamoja. Hakuna hesabu ya mwinuko itakayokuambia hilo. Lazima uwaulize watu.

## Hatua ya 5: Rekebisha kwa kutumia watu unaowajua

Wazo ni hili: kama watu wenye fahirisi zinazojulikana wamekimbia mbio hizi, matokeo yao yatakuambia mbio zilikuwa laini au kali kiasi gani.

Tuseme watano walikuwepo:

- Wa kwanza anajulikana 18, hapa amepata ghafi 10. Tofauti ni +8.
- Wa pili anajulikana 26, hapa 17. Tofauti +9.
- Wa tatu anajulikana 31, hapa 23. Tofauti +8.
- Wa nne anajulikana 15, hapa 8. Tofauti +7.
- Wa tano anajulikana 22, hapa 40. Tofauti −18.

Karibu wote wameonekana bora kwa pointi nane kuliko walivyo. Hii ina maana mshindi wa siku hiyo hakuwa wa kiwango cha juu, au njia ilikuwa rahisi kukaa kwenye kundi. Yule wa tano alipata pancha.

Sasa usichukue wastani. Wastani wa tofauti hizi ni 2.8, kwa sababu pancha ya mtu mmoja imeuvuta chini. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa: −18, 7, 8, 8, 9. Chukua ya katikati. Ni 8.

Ongeza 8 kwa kila mtu. Fahirisi yako ya 15 inakuwa 23.

Najua inauma. Umekimbia vizuri halafu namba inaongezeka. Lakini bila marekebisho hayo, mtu angetafuta mbio ndogo ya kijijini isiyo na mkimbiaji mzuri, ashinde, apate 0, na asimame mstari mmoja na mabingwa.

Tahadhari kwa njia tambarare. Tazama kama tofauti zinakua kadiri unavyoshuka kwenye orodha. Mwenye 20 akionekana 12 (tofauti +8), na mwenye 40 akionekana 20 (tofauti +20), namba moja haitatosha wote. Kundi limewabeba walio dhaifu. Dawa rahisi ni kugawa orodha nusu mbili na kutafuta namba ya katikati kwa kila nusu. Wanaohesabu kwa kompyuta wana njia nzuri zaidi, lakini kwa klabu yenye watu sitini hii inatosha kabisa.

Umefaulu kama ukirudisha fahirisi mpya kwa wale watu watano, wanne kati yao wanaangukia karibu na pale walipokuwa. Kama wametawanyika ovyo, rudi hatua ya 2. Mara nyingi kuna mtu amehesabiwa kwa saa ya kundi jingine.

## Hatua ya 6: Pima umri wa matokeo

Miguu ya miaka mitatu iliyopita si miguu ya leo. Kila mwandaaji ana kanuni yake: wengine huongeza adhabu kadiri matokeo yanavyozeeka, wengine huyafuta baada ya muda. Soma kanuni za mwaka huo, usitegemee za mwaka jana.

Kwenye klabu yetu tunaongeza asilimia 10 ya fahirisi kila matokeo yakifikisha mwaka. Ile 23 ikikaa mwaka mzima bila mbio mpya inakuwa 25.3. Si adhabu kali, ila inamtosha mtu kukumbuka kujiandikisha.

## Hatua ya 7: Chagua mbio zitakazokujenga

Kuna mtego ninaotaka uuone kabla haujakunasa. Ukianza kundi la nyuma, watu unaokimbia nao ni wa polepole. Hakuna kundi la kasi la kukubeba. Unafanya kazi peke yako kwenye upepo, unamaliza na muda mbaya, mwaka unaofuata unarudishwa nyuma tena. Nimeona watu wenye nguvu wamekaa humo miaka minne.

Njia ya kutoka ni kuchagua mbio ambazo kundi halina msaada mkubwa. Mbio zenye mlima mrefu karibu na mwisho zinakufaa. Vilevile mbio ndogo ambamo wote mnaondoka pamoja, kwa sababu pale hata asiye na fahirisi anaweza kusimama mstari wa mbele akifika mapema. Nenda saa nzima kabla, pasha mwili moto, shika nafasi.

Ukiwa mzito wa mwili lakini hodari wa kukaa ndani ya kundi, fanya kinyume: tafuta tambarare na uanze mbele.

Na ukitoka Afrika Mashariki, usiende mbio moja tu ukaitegemea. Pancha, cheni iliyokatika, tumbo la kuharisha: kimojawapo kitakupata. Nenda mbili au tatu, ili mbaya moja isikuhukumu.

## Hatua ya 8: Tuma matokeo mapema, na uhakiki

Fanya kwa mpangilio huu.

1. Hakikisha mbio ulizokimbia zinatambuliwa na waandaaji unaowalenga. Uliza kabla ya kulipa kiingilio.
2. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti.
3. Tuma kiungo cha orodha nzima ya matokeo. Picha ya skrini yenye jina lako tu haiwaonyeshi muda wa mshindi, na bila huo hawana cha kugawanya.
4. Eleza urefu wa njia, mita za kupanda, na kundi uliloanzia.
5. Zingatia tarehe ya mwisho ya kupokea matokeo. Huwa inafungwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, na ikipita, hata uwe na fahirisi ya bingwa, utabaki ulipo.
6. Baada ya wiki mbili ingia uangalie kama fahirisi imeonekana. Kama sivyo, andika tena kwa upole ukiambatisha ujumbe wa kwanza.

Umefaulu kama namba waliyokupa iko ndani ya pointi mbili tatu za uliyojikokotolea. Ikiwa mbali zaidi, waulize walitumia muda gani wa mshindi. Mara mbili nimesaidia watu kurekebishiwa kwa swali hilo moja: walikuwa wamelinganishwa na mshindi wa njia fupi.

## Kwa viongozi wa klabu: kukata makundi

Mkishakuwa na fahirisi za watu wote, zipangeni kuanzia ndogo. Msikate kwa namba nzuri kama 10, 20, 30. Kateni penye pengo. Mkiwa na 14, 15, 15, 17, 18, 23, 24, 25, kateni kati ya 18 na 23. Aliye 18 na aliye 17 wataendana. Ukikata baada ya 15, unawatenganisha watu wa uwezo mmoja na kumwacha wa 17 akiburuta kundi lisilo lake.

Kwenye barabara zetu za njia mbili, zenye malori na bodaboda, mimi sivuki watu 40 kwa kundi. Wapeni dakika nne au tano kati ya kundi na kundi. Wageni wasio na fahirisi waanzie nyuma, lakini waambieni mapema kwamba matokeo yao ya leo yatawapandisha. Wanawake wahesabiwe kwa fahirisi ileile kama wote kwenye mbio za mchanganyiko. Dada mwenye 19 akisimamishwa nyuma ya kaka mwenye 30, kwa sababu tu ni dada, mmeharibu mbio yake na mmejiondolea mkimbiaji mmoja wa kuwavuta.

## Asubuhi ya mbio

Fika kwenye kizimba chako, yaani eneo lililozungushiwa ambamo kundi lako husubiri kuondoka, dakika arobaini kabla. Vizimba hufungwa, na ukichelewa unashushwa kundi la chini hata kama namba yako inasema vingine. Beba koti la zamani la kutupa, maana Cape Town alfajiri ya Machi inaweza kuwa na baridi kwa mtu aliyetoka Tanga au Mombasa.

Kilomita kumi za kwanza zitakuambia kama umepangwa sawa. Ukiwa katikati ya kundi, unapumua kwa nguvu lakini unaweza kusema sentensi fupi na jirani yako, na gurudumu la mbele haliponyoki kwenye kila kimwinuko, hapo ndipo pako. Ukiwa unapita watu mfululizo, pita upande unaoruhusiwa, ita kwa sauti, na uhifadhi matokeo yako ya leo kwa ajili ya mwakani. Ukiwa unapitwa mfululizo, sogea pembeni, usijilazimishe kushikilia. Subiri kundi linalofuata. Liko dakika chache nyuma yako, na lina magurudumu ya mwendo wako.